Tathmini ya Ziara: Kanisa Kuu la Mkunazini na Swali la Habakuki

Kwa Mkristo anayesumbuliwa, kama nabii Habakuki, na ukimya wa Mungu wakati waovu wanapostawi, ziara ya Kanisa Kuu la Anglikana lililopo Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ina manufaa kuliko semina nyingi za imani, mradi asiharakishe kufika madhabahuni.

Maonyesho ya historia ya biashara ya utumwa, yaliyofunguliwa mwaka 2016, yamepangwa vizuri na yanastahili kusomwa kwa utulivu. Vyumba vya chini ya ardhi vinatisha kweli, ingawa baadhi ya watafiti wanaona kwamba vilijengwa baada ya soko la watumwa lililokuwa hapo kufungwa. Mgeni asifadhaike kwa hilo, kwa kuwa imani haihitaji kuegemea simulizi lisilothibitishwa. Sanamu iliyotengenezwa na Clara Sörnäs mwaka 1998, yenye watu watano waliosimama shimoni na minyororo shingoni, yatosha yenyewe.

Ndani ya kanisa, wageni huelezwa kwamba madhabahu imewekwa mahali uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Wakristo wengi hutokwa na machozi hapo, na ni haki yao. Hata hivyo, simulizi hilo likisikika peke yake, mtu huweza kudhani kwamba Mungu aliushinda uovu kwa siku moja, hali tarehe zinasema vingine.

Msalaba mmojawapo kanisani humo umetengenezwa kwa mbao za mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao moyo wa mmisionari David Livingstone ulizikwa chini yake. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kitu chenye uzito kuliko vyote katika jengo hilo. Mwaka 1871 Livingstone alishuhudia mauaji ya sokoni Nyangwe, nchini Kongo. Alifariki mwanzoni mwa Mei 1873, misafara ya watumwa ikiendelea, na mkataba wa kulifunga soko la Zanzibar ulitiwa saini na Sultani Barghash tarehe 5 Juni mwaka huohuo. Hakuishi kuusikia. Wamisionari wa UMCA, shirika la misheni la Kianglikana, waliokuja Afrika kwa wito wake, walikuwa wameshindwa kule Magomero, katika Malawi ya leo, wakamzika Askofu Mackenzie mwaka 1862, kisha wakahamia Zanzibar mwaka 1864 kama watu walioshindwa. Ni kutokana na kushindwa huko kwamba Edward Steere, mmoja wa wamisionari hao, alikuwapo kisiwani soko lilipofungwa, akaanza ujenzi wa kanisa mwaka 1873. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897, Steere akiwa kaburini kwa miaka 15.

Hapo ndipo Habakuki anaposomeka vema. Nabii alimlilia Bwana kwa sababu ya udhalimu, naye hakupewa ratiba. Aliambiwa kwamba njozi ni kwa wakati ulioamriwa, na kwamba mwenye haki ataishi kwa imani yake. Kukiri kwamba Mungu anatawala hakumaanishi kwamba tunaweza kueleza kwa nini mama aliyeuzwa Mkunazini hakuokolewa. Wapo wanaokimbilia maneno ya Yusufu, kwamba Mungu aliyakusudia mema yale ambayo ndugu zake waliyakusudia mabaya, lakini husahau kwamba aliyesema hivyo ni yeye aliyeuzwa, tena aliyaita mabaya kwa jina lake. Sisi wageni hatuna ruhusa ya kumsemea yule mama.

Aidha, asije Mkristo akatoka pale akiwanyooshea wengine kidole. Wafaransa waliofika Kilwa katika karne ya 18 kununua watu kwa ajili ya mashamba ya Mauritius na Réunion walitoka katika taifa la Kikristo.

Napendekeza ziara hii hasa kwa vikundi vya vijana wa kanisa na wanafunzi wa theolojia. Watoto wadogo wabaki nje ya vyumba vya chini. Kiongozi wa kikundi asome Habakuki sura ya kwanza na ya pili pamoja na wenzake kabla ya kuingia, aanze na maonyesho, na kanisani atenge muda mrefu zaidi mbele ya msalaba wa Chitambo. Mavazi yawe ya heshima, na anayeweza apange ziara yake ili ahudhurie pia ibada ya Jumapili.