Ganesha wa msandali na Jagannath wa mwarobaini
Kwa ufundi wa mkono, msandali hauna mpinzani. Mafundi wa jamii ya Gudigar huko Sagara na Soraba, jimbo la Karnataka nchini India, huchonga kiini chake kwa patasi nyembamba mpaka kila ushanga shingoni mwa sanamu ya Ganesha, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, uhesabike. Na harufu hiyo! Haitoki upesi.

Jagannath, mungu wa Kihindu wa hekalu la Puri, jimbo la Odisha, sanamu yake ni mwarobaini, mti uleule tunaochemsha majani yake kwa homa. Gogo nene, macho ya duara yaliyopakwa rangi, mikono isiyo na viganja. Ila huyu hufa: mwezi wa Ashadha wa kalenda ya Kihindu ukitokea mara mbili katika mwaka mmoja, sanamu huchongwa upya, kama 1996 na 2015, ya zamani ikazikwa hekaluni. Kwangu mimi, huyu Jagannath ndiye anayenigusa zaidi.