Masikio yangu, majibu ya binti yangu

Nilingoja wiki kadhaa nipoe ndipo niandike. Sijapoa.

Nilikwenda na binti yangu kliniki moja ya masikio hapa Dar. Kijana wa mapokezi akanipa karatasi ya maswali 10. Ndiyo kwanza napapasa miwani mfukoni, kaichomoa mkononi mwangu, kampa binti: "Dada, mjazie mzee, huyu hasikii." Kwani karatasi inasomwa kwa masikio? Nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu mpaka nikastaafu!

Na maswali yenyewe ni ya mtu na moyo wake. Unaona aibu ukikutana na wageni? Mnagombana nyumbani kwa sababu husikii? Umepunguza kwenda ibadani? "Ndiyo" ni pointi 4, "wakati mwingine" 2, "hapana" 0. Binti, kwa kunistahi, kajaza hapana, hapana, hapana, karibu kote. Ikatoka 8. Kwa hesabu zao, 8 maana yake huna tatizo. Kijana akaanza kutuaga!

Darsa la baada ya Magharibi nimeshaliacha. Sheikh ana sauti ndogo, feni za msikiti zinavuma, nabaki kutikisa kichwa kama ninaelewa. Nyumbani nasingizia mgongo. Binti angelijuaje hilo?

Nikaomba karatasi nyingine. Eti zimehesabiwa. Basi nikapayuka (husemwa sisi wenye masikio mazito tunapayuka bila kujijua, siku ile nilijijua vizuri sana). Mtaalamu akatoka ndani, mama wa makamo, akakaa mbele yangu niuone mdomo wake, akanipa karatasi na kalamu, akanyamaza. Nikapata 26, kundi la juu kabisa. Akanieleza kwamba watu wawili wanaweza kutoka kwenye kipimo cha sauti na mchoro uleule, mmoja anaendelea na shughuli zake, mwingine kajifungia ndani, ndiyo maana wanauliza. Maswali hayo yalitungwa Marekani miaka ya 1980, kwa ajili ya wazee kama mimi.

Nilitaka kuwapa nyota moja. Yule mama peke yake anastahili tano. Kijana sifuri, na hiyo sifuri namkopesha. Haya, tuseme tatu, ila mkienda, karatasi ishikeni kwa mikono miwili.

Kwenye bajaji binti aliisoma karatasi yangu, kimya, mpaka tukafika taa za Tazara. Kisha akanigeukia, akasema polepole nimsikie: "Baba, kumbe mgongo hauumi?"