Msimbo wa hadharani na msimbo huria

Kuweka msimbo wa programu hadharani kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, hakuufanyi kuwa huria, yaani ulio ruhusa kwa yeyote kuutumia, kuurekebisha na kuusambaza. Bila leseni, hakimiliki yote hubaki kwa mwandishi. Masharti ya GitHub yanakuruhusu kuutazama na kuunakili ndani ya tovuti hiyohiyo, basi. Kuusambaza kwingine kunahitaji idhini ya mwandishi, na wengi hawalijui hilo.

Msimbo wenye leseni huria kama MIT, Apache 2.0 au GPL ni habari nyingine kabisa. Unautumia, unaurekebisha, hata unauuza, mradi utimize masharti: GPL inadai programu utakayosambaza iambatane na msimbo wake, chini ya leseni ileile. Leseni inayokataza biashara haihesabiki kuwa huria kwa kipimo cha Open Source Initiative, shirika linalotunza maana ya msimbo huria, lililoanzishwa 1998. Mimi nikikuta hazina ya msimbo isiyo na leseni, namwomba mwenyewe aiwekee leseni kwanza.