Pikapu ya Land Cruiser yenye 1HZ: kwa wenye tela tu

Nateremsha mahindi mlima Kitonga kwa tela na kurudi Iringa na saruji, kwa hiyo rangi na redio havinihusu. Hii ya mtumba ina injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina turbo wala kompyuta kwenye pampu ya dizeli. Fundi wa njiani anaimudu. Kupanda na mzigo ni gia ya pili na subira, mabasi yatakupita. Dizeli inakunywa, usidanganywe.

Kabla ya kulipa, lala chini uangalie chesisi pale ndoano ya tela ilipofungwa. Ukiona wamechomelea juzi na kupaka rangi nyeusi, aga. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma: moshi ukitoka kwa kishindo, ringi za pistoni zimekwisha.