Sarafu na medali za fedha: zipi ununue kwanza bei ikiwa juu

Oktoba 2025 bei ya madini ya fedha ilivuka dola 50 kwa wakia. Kiwango hicho ilikuwa imekigusa Januari 1980 na kukikaribia tena Aprili 2011, na mara zote mbili ikaporomoka. Mwishoni mwa Machi 1980 wakia ilikuwa imeshuka hadi chini ya dola 11, na walionunua kileleni walisubiri miaka mingi sana. Ndiyo maana katika orodha hii nimezitanguliza sarafu ambazo unalipia uzito wa fedha na nyongeza ndogo, nikazishusha zile ambazo sehemu kubwa ya bei ni maneno ya muuzaji.

Tuanze na hesabu. Wakia moja ni gramu 31.1. Kwa dola 50, gramu ya fedha safi ni dola 1.61. Natumia 50 kwa urahisi tu. Wewe weka bei ya siku unayonunua. Pima sarafu, zidisha uzito kwa asilimia ya fedha iliyomo, kisha zidisha kwa bei ya gramu. Kinachozidi hapo ni malipo ya historia, ya hali ya sarafu na ya faida ya muuzaji. Asiyekubali sarafu ipimwe mbele yako, achana naye.

1. Riali ya Maria Theresa

Kwa mtu wa pwani anayeanza, sioni ya kuishinda. Ina gramu 28.07, fedha asilimia 83.3, yaani gramu 23.39 za fedha safi. Kwa bei yetu ya mfano ni kama dola 37.60. Ilitumika Zanzibar, Oman, Yemen na Ethiopia, na mpaka leo soko la Mutrah kule Muscat linaiuza, kama yanavyoiuza maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe.

Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki Maria Theresa, mtawala wa Austria. Zimeendelea kugongwa kwa tarehe hiyohiyo tangu wakati huo, kwanza Austria, baadaye miji mingine pia. Mwaka 1935 Mussolini, kiongozi wa Italia, akijiandaa kuivamia Ethiopia, alipata mihuri ya kuzigongea akaanza kuzitoa Rome. Waingereza nao wakaanza kuzigonga London, na baadaye Bombay. Kwa hiyo anayekwambia yake ni ya 1780 halisi na kwa hiyo bei ni mara tatu, karibu kila mara anauza tarehe. Lipa fedha na nyongeza kidogo. Ikiwa na kipete kilichochomelewa, kwa kuwa nyingi zilivaliwa kama mikufu, bei ya mkusanyaji hushuka, ila fedha iliyomo ni ileile.

Za bandia zipo, na sumaku peke yake haitoshi, kwa sababu mchanganyiko wa shaba na nikeli wa sarafu haunaswi pia. Tumia maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani ndogo ya sonara na uirudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala ukingo wa glasi, kisha soma namba. Riali halisi itaonyesha karibu gramu 2.75. Ikionyesha 3.1 au zaidi huku uzito wake mkavu ukiwa sawa, hiyo ni shaba na nikeli. Jaribio hili halikwaruzi chochote.

2. Rupia za India na za Mjerumani

Rupia ya India ya kabla ya 1940 ina gramu 11.66, fedha asilimia 91.7. Uzito huo ni tola moja kamili, kipimo cha Kihindi, na masonara wetu wa zamani waliijua rupia hata kama jiwe la mizani. Fedha safi ni gramu 10.69, kama dola 17. Kwenye jaribio la maji itaonyesha karibu gramu 1.13. Za 1940 hadi 1945 ni nusu fedha, na baada ya hapo ni nikeli, kwa hiyo soma mwaka kabla ya kusoma uso wa mfalme.

Rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ina uzito na fedha sawa na hiyo. Hadi 1902 upande mmoja ulikuwa na simba na mnazi, alama ya kampuni ya Kijerumani. Kuanzia 1904 ni ya serikali yenyewe, na rupia ikagawanywa kwa heller 100 badala ya pesa 64. Hii utaongezewa bei kwa haki, hasa ikiwa masharubu na kofia ya Kaiser, mfalme wao, bado vinaonekana vizuri. Sarafu ya rupia mbili, ya 1893 na 1894, ni adimu, na ukiletewa kwa bei ya kutupa usinunue bila kuipeleka kwa mjuzi. Rupia ya Mombasa ya 1888, ya kampuni ya Waingereza, ni ya fedha ileile, na kwangu ndiyo nzuri kuliko zote za kundi hili.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Watu wanauziwa ramani za "hazina ya Mjerumani" na kudanganywa kwamba rupia moja ina madini ya ajabu ya thamani ya mamilioni. Rupia ni fedha na shaba kidogo, basi. Anayetaja mamilioni anataka pesa yako ya matambiko au ya usafiri.

3. Sarafu mpya za wakia moja

Tembo wa Somalia, ambaye hugongwa Ujerumani, Krugerrand ya fedha ya Afrika Kusini, Eagle ya Marekani na Maple Leaf ya Canada zote zina wakia nzima ya fedha safi. Hazihitaji elimu nyingi na zinauzika duniani kote. Kama una ndugu Dubai au Ulaya anayeweza kukununulia dukani, zinaweza kupanda hadi nafasi ya kwanza. Kwa anayeagiza peke yake akiwa Dodoma au Kisumu, usafirishaji na ushuru wa forodha unaweza kumeza faida ya miaka. Uliza forodha kabla ya kulipa.

4. Sarafu za sterlingi

Sterlingi ni fedha asilimia 92.5. Uingereza iligonga sarafu zake kwa kiwango hicho hadi 1919. Bei ya fedha ilipopaa mwishoni mwa Vita vya Kwanza, wakashusha hadi nusu kuanzia 1920, na 1947 wakaiondoa kabisa. Nusu krauni ya kabla ya 1920 ina gramu 14.14, fedha safi 13.08, kama dola 21. Nunua zilizochakaa kwa uzito.

Karibu na nyumbani, zipo sarafu za Tanzania za uhifadhi wa wanyama za 1974: shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye kifaru. Hapa kuna mtego. Kila moja ilitoka kwa aina mbili: ya kawaida, nusu fedha, na ya kung'aa kama kioo, ya sterlingi. Shilingi 50 ya sterlingi ina gramu 35, ile ya kawaida 31.85. Shilingi 25 ni 28.28 kwa 25.4. Mizani itakuambia unachonunua hata kama kasha limepotea. Fedha iliyomo kwenye shilingi 50 ya kawaida haifiki nusu ya ile ya sterlingi, kwa hiyo usikubali bei moja kwa zote.

5. Medali

Medali za kumbukumbu za sterlingi zilizouzwa kwa seti miaka ya 1970, kama zile za Franklin Mint, ziliuzwa mpya kwa bei kubwa kuliko madini yake. Leo ukizipata kwa bei ya fedha tupu, ni ununuzi mzuri sana. Ukidaiwa zaidi kwa sababu ya cheti na kasha la mahameli, kataa. Tafuta neno "Sterling", namba 925, au simba anayetembea wa mihuri ya Uingereza. Herufi EPNS maana yake ni utando tu wa fedha kwa juu. "German silver" haina fedha kabisa.

Medali za kijeshi ni habari nyingine. Medali ya Africa General Service ya 1902, waliyopewa pia askari wa King's African Rifles, ni ya fedha, na huandikwa jina la mwenyewe ukingoni. Usiiyeyushe, tafadhali. Jina lile ni la babu wa mtu, na mara nyingi ndiyo karatasi pekee ya utumishi wake iliyobaki. Mkusanyaji wa kweli hulipa zaidi kwa jina kuliko kwa madini. Ila medali za Vita vya Pili ambazo familia nyingi zinazo, War Medal na Defence Medal, ni shaba na nikeli. Usizinunue kama fedha.

6. Shilingi ya Afrika Mashariki

Ilianza 1921, mara tu baada ya rupia kupanda pamoja na fedha na kuvuruga hesabu za wakoloni. Ina fedha robo tu. Hadi 1946 kila moja ina gramu 1.94 za fedha safi, kama dola tatu. Za 1948 na kuendelea hazina hata chembe, wala zile za Kenya na Tanzania za 1966 zenye sura za Kenyatta na Nyerere. Nunua moja kwa ajili ya simba wake na milima, si kwa ajili ya bei.

Usinunue kabisa

Vitu vilivyochimbwa. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wanaakiolojia walipata sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa kale wa mwambao. Zimetufunza mengi kwa sababu zilikutwa pamoja, mahali pake. Sarafu moja ikitolewa ardhini na kuuzwa mfukoni, elimu hiyo hupotea, na sheria haiko upande wako. Ukiletewa ya Kilwa, Pemba au Gedi ikiwa bado na udongo, mwelekeze muuzaji ofisi ya mambo ya kale.