Nyumba ambayo baba alimnyima mwanawe: nilivyoizuru Sir John Soane's Museum, London

Usipokuwa makini utaipita. Imebanana na jirani zake ukuta kwa ukuta pale Lincoln's Inn Fields, ila yenyewe uso wake wa mawe umechomoza mbele kidogo. Kuingia ni bure.

Soane, mtoto wa fundi mwashi, alipanda hadi akawa msanifu wa majengo ya Bank of England. Alinunua nyumba namba 12 mwaka 1792, baadaye namba 13, kisha 14, akawa haishi kubomoa na kujenga upya. Ndiyo maana ndani hujui nyumba moja inaishia wapi. Mwanga unashuka kutoka juu, vioo viko kila pembe, na ukigeuka ghafla unakutana na uso wako mwenyewe katikati ya vichwa vya mawe.

Kilichonishika hasa ni chumba cha picha. Ni kidogo, lakini kimebeba picha zaidi ya 100. Siri yake? Mhudumu alivuta ukuta, ukafunguka kama mlango wa kabati, na nyuma yake kuna picha nyingine! Humo zimo 8 za mchoraji Mwingereza Hogarth, za kijana anayefuja mali aliyoachiwa na babake hadi anaishia hospitali ya vichaa. Eliza, mke wa Soane, ndiye aliyezinunua mnadani mwaka 1802.

Sijui kama mama yule alihisi lolote. Mwaka 1815 mwana wao George aliandika gazetini, bila kutia jina, akiponda kazi za babake. Mwaka huohuo Eliza akafariki, na mzee akamtwika George lawama. Hakumsamehe. Mwaka 1833 akapata sheria ya Bunge: akifa, nyumba iwe makumbusho, vitu vibaki alivyoviacha. Akafa 1837. Nimeshaona watu wakinyimana urithi, lakini kumnyima mtu kwa sheria ya Bunge, hiyo kali.

Ushauri: anzieni chini. Huko ndiko liliko jeneza la jiwe la Farao Seti wa Kwanza, ambalo Soane alililipia pauni 2,000 mwaka 1824, akafanya karamu ya siku tatu usiku kwa mwanga wa taa ili watu walione. Mimi niliganda kwa Hogarth, nikalifikia wakati watu wanaombwa watoke.