Ununue nini kwanza ili gari yako ikandamizwe na hewa uwanjani

Mwezi uliopita kijana mmoja aliingia kwenye gereji tunayokutana pale Unga Limited, Arusha, na Subaru Impreza nyeupe iliyotunzwa vizuri. Bawa la kaboni, lile la kufunga juu ya buti ili hewa iikandamize gari na tairi zishike kwenye kona za kasi, lilikuwa limelala kiti cha nyuma, bado limezungushiwa nailoni. "Shikamoo kaka. Nataka lifungwe leo, Jumamosi navuka Namanga kwenda kukimbia kwenye uwanja wa mbio za magari." Nikamwuliza mbele ameweka nini. Akasema mbele iko kama ilivyotoka kiwandani. Nikamwomba asilifunge kwanza. Hakufurahi, na nilimwelewa, maana nami nilianza hivyohivyo. Nilichokipata ni gari iliyogoma kuingia kona ndefu ya kulia nikiwa kwenye kilomita 140: usukani nimekata, pua inakwenda moja kwa moja kwenye majani.

Mpangilio huu wa nini kinunuliwe kwanza ni wa mtu anayeishi Arusha au Moshi, anayeendesha gari yake hadi uwanjani na kurudi nayo nyumbani. Naamini tairi, brekipedi na alaimenti umeshamaliza. Kama bado, pesa yote iende huko, na mambo ya hewa yasubiri.

Kabla hujatoa hela, piga hesabu kidogo. Ukiongeza kasi mara mbili, hewa inakandamiza mara nne. Chukua bawa la kweli lenye urefu wa mita 1.5 kutoka upande hadi upande na upana wa sentimita 25 kutoka mbele hadi nyuma. Kwa hewa ya Arusha linatoa takriban kilo 5 ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, kilo 19 kwenye 100, na karibu kilo 50 kwenye 160. Huo ni mfuko mmoja wa simenti juu ya buti. Kati ya Sakina na Tengeru, penye matuta na tochi za trafiki, bawa hilo ni mzigo tu. Kumbuka pia kwamba tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya nane kuliko ile ya Dar es Salaam. Namba za muuzaji zilizopigwa kwa hewa ya pwani, zipunguze kiasi hicho. Wa Moshi wako chini zaidi, wanapoteza kidogo kuliko sisi.

Sasa, mfuko huo wa simenti hauko juu ya ekseli ya nyuma. Uko nyuma yake, kama sentimita 90 hivi kwenye Impreza. Umeshaona baiskeli iliyobebeshwa gunia mwisho kabisa wa keria ikipanda mlima: tairi la mbele linataka kunyanyuka. Gari inafanya vilevile. Kwa umbali wa mita 2.5 kati ya ekseli mbili, kilo 50 za bawa zinaziondolea tairi za mbele karibu kilo 18. Umenunua mshiko nyuma, umeuza mshiko mbele.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa splita ya mbele na bawa la nyuma vikinunuliwa pamoja, kama kitu kimoja. Ikiwa fedha inatosha kimoja tu, subiri.

Splita ni ubao bapa unaotoka chini ya bampa kama ulimi. Hewa inayogonga bampa inajazana juu ya ubao na kuusukuma chini, huku ile inayopita chini ikienda kasi na presha yake kushuka. Uzuri wake kwetu ni kwamba hauagizwi kutoka mbali. Plaiwudi ya baharini, ile inayostahimili maji, ya milimita 12 inafanya kazi nzuri sana. Wakimbiaji duniani kote wanaitumia, na hapa mjini inapatikana kwa wauza mbao. Alukobondi ya wachora mabango ni nyepesi, ila moja peke yake inalegea, kwa hiyo iwekee fremu ya aluminiamu chini. Kaboni inapendeza, lakini ikigusa tuta moja la Usa River umeumia. Plaiwudi ikivunjika, fundi seremala anakukatia nyingine mchana huohuo kwa kufuata ile ya zamani.

Jambo la kumkagulia fundi ni inavyofungwa. Splita ishikwe na chasisi, siyo plastiki ya bampa. Ya kwangu ya kwanza ilifungwa kwenye bampa kwa skrubu za bati. Kwenye mwendo mkubwa hewa ilivuta vyote viwili vikaingia chini ya gari. Siku hizi kipimo changu ni kimoja: ikishafungwa, nasimama juu yake kwa miguu yote miwili. Ikibonyea, irudi kwa fundi. Hakikisha pia nafasi kati ya ubao na bampa imezibwa, vinginevyo presha unayoitafuta inavuja yote.

Bawa nalo, nunua lenye umbo la kweli la bawa: tumbo chini, mgongo bapa juu, unene unaopungua kuelekea nyuma. Ubao uliopindwa kidogo na kupakwa rangi siyo bawa. Mimi nachagua la aluminiamu kabla ya kaboni, kwa sababu likipinda au kupasuka unaliona, na fundi wa aluminiamu analiweza. Bawa la kaboni la mtumba likague kwenye matundu ya boliti. Ufa huanzia hapo. Miguu yake isishikwe na bati la buti peke yake, kwani bati hilo ni jembamba. Iteremke hadi kwenye chuma cha mwili wa gari, au angalau weka bamba la chuma kwa ndani. Urefu wake ukaribie paa, maana chini ya hapo bawa linakula hewa iliyokwisha kuvurugwa na kioo cha nyuma.

Pembe ya bawa, anza na nyuzi sifuri hadi 5, kisha panda moja moja. Ukipita nyuzi 15 hivi, hewa inaachana na tumbo la bawa, mkandamizo unaporomoka na kinachobaki ni kuvutwa nyuma. Ukitaka nyongeza ya bei ndogo, weka ukingo uliosimama wima wa sentimita moja kwenye mwisho wa bawa. Dan Gurney, mwenye timu ya mbio za magari Marekani, aliujaribu mwaka 1971 kwenye gari ya dereva wake Bobby Unser, na hadi leo jina lake limebaki kwenye kipande hicho. Kwako wewe ni kona ya aluminiamu ya fundi madirisha.

Nafasi ya pili ni mdomo mfupi wa mbele na spoila ndogo ya buti. Nawashauri wengi waishie hapa. Spoila ndogo haikandamizi sana. Kazi yake kubwa ni kupunguza ule unyanyukaji ambao gari nyingi huwa nao kwenye kasi. Usiidharau. Porsche 911 Carrera RS 2.7 ya mwaka 1973 ilipewa spoila iliyoitwa mkia wa bata kwa sababu hiyo, na Audi, baada ya ajali za TT ya kwanza kwenye mwendo mkubwa, waliziita gari zile zirudi na kuzifunga spoila ndogo nyuma. Mdomo wa raba unavumilia matuta ya barabara ya Moshi, na huhitaji kufungua chochote ukifika nyumbani.

Nafasi ya tatu, sakafu bapa chini ya gari na difyuza nyuma, yaani sehemu ya sakafu inayopanda kuelekea bampa la nyuma. Kwa fizikia ningeiweka juu, kwa kuwa inakandamiza bila kuvuta nyuma sana. Kwa maisha yetu inashuka: kila ukibadilisha oili unafungua boliti ishirini, na vumbi na kokoto vinajaa. Ile difyuza ya plastiki inayobandikwa kwenye bampa, bila sakafu bapa mbele yake, ni pambo. Ya kweli hupanda taratibu, nyuzi 7 hadi 10 hivi.

Kanadi, yale mapezi ya pembeni mwa bampa, nunua mwisho kabisa, pale ambapo mbele inahitaji kuongezwa kidogo tu. Meno ya papa ya kubandika juu ya paa, achana nayo.

Ukishafunga, kona za taratibu zirekebishe kwa springi na shokomzoba. Kona za kasi ndizo uzirekebishe kwa bawa. Mbele ikigoma kwenye kona za kasi tu, punguza nyuzi za bawa. Nyuma ikikimbia, ongeza. Kata uzi wa kufumia vipande vya sentimita 10, ubandike chini ya bawa kwa selotepu, rafiki akupige video kutoka gari ya nyuma. Uzi uliolala umenyooka, hewa imeshika. Uzi unaocheza na kurudi mbele, pembe ni kali mno.

Yule kijana alirudi wiki mbili baadaye na kipande cha plaiwudi alichokichora mwenyewe kwa kadibodi. Tulifunga vyote viwili. Splita yake inatoka kwa boliti sita. Anasafiri nayo kwenye buti na kuifunga akifika uwanjani. Kila boliti ya bawa tuliipiga mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye mguu wa bawa. Akitoka uwanjani kupumzisha injini anaanza kuangalia hiyo: mstari ukikatika, nati imelegea, na haingii tena hadi supana ipite.